UZI: Denso, idara iliyotolewa Toyota na madeni yake 1949, leo ndo iko ndani ya IST yako (uzi mrefu, wavivu wa kusoma pitieni tu)

Msukuma wa Spea
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Mwanza hapa, nauza spea, na hakuna wiki inapita sijabishana na mtu kaunta kuhusu plagi za kutoa cheche. Mtu anakuja IST yake inamisi, ukimtajia bei ya Denso OG (orijino) anaruka, anakuonyesha nyingine iko kwenye boksi lenye maandishi yale yale bei robo, "si hii hii?". Sasa nimechoka kueleza mmoja mmoja, naimwaga hapa historia yote ya hii kampuni, ntakuwa nawatuma huku. Wanaojua zaidi mtaongezea.

Tuanzie mwanzo. Toyota miaka ya 40 ilikuwa inajitengenezea vitu vyake vya umeme yenyewe, stata, dainamo, rejeta, kwenye kiwanda kilichokuwa mji wa Kariya, mkoa wa Aichi kule Japani. Vita ikaisha, nchi iko hoi. Mwaka 1949 Wamarekani waliokuwa wanaitawala Japani wakamleta mwanabenki wao Joseph Dodge anyooshe uchumi, akakaza bajeti mpaka hela ikapotea mtaani. Watu walionunua malori kwa mkopo wakashindwa kulipa, Toyota ikabaki na madeni na magari yasiyouzika, nusura ifilisike kabisa.

Ndo ikaamuliwa ile idara ya umeme na rejeta itolewe ijitegemee. Tarehe 16 Desemba 1949 ikazaliwa Nippondenso, ndo hii Denso ya leo. Mtaji yen milioni 15, wafanyakazi kama 1,400 hivi na madeni juu ya kichwa. Bosi wa kwanza alikuwa Torao Hayashi. Yaani mtoto anatolewa nyumbani wakati njaa imeingia, anapewa na sehemu ya deni aondoke nalo 😂

Miezi michache baadae, 1950, Toyota yenyewe ikapunguza watu, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro Toyoda aliyeianzisha akajiuzulu. Kilichowaokoa ni vita ya Korea iliyoanza Juni mwaka huo, jeshi la Marekani likaagiza malori kwa fujo.

Nakuja na sehemu ya pili, kuna mteja hapa.

dogo_wa_Igoma
Nimeweka kiti mbele kabisa. Tiririka mkuu

Bi Nyegezi
Mbona mie najua Denso ni ya Toyota? Kama walishaachana mbona kila Toyota ina Denso?

Msukuma wa Spea
Bi Nyegezi swali zuri. Toyota mpaka leo ndo mwanahisa mkubwa, ana kama moja ya tano hivi ya hisa, na ndo mteja mkubwa. Ila ni kampuni tofauti. Na huko kutolewa ndo kuliwasaidia, maana wangebaki idara ya ndani wangekuwa wanamuuzia mtu mmoja tu mpaka kesho. Walivyokuwa nje ikabidi wabishe hodi kwa wengine, leo Honda, Subaru na wengine kibao wanafunga vitu vyao. Kwa ukubwa ni miongoni mwa wa juu kabisa duniani kwa watengeneza vifaa vya magari, pamoja na Bosch wa Ujerumani.

Haya tuendelee. Hiyo miaka ya mwanzo walifanya kila kinacholeta hela. Walitengeneza mashine za kufulia. Wakatengeneza na gari la umeme, ndio, la umeme, mwaka 1950, likaitwa Denso-go, maana petroli ilikuwa ya kugawiwa. Walitoa kama 50 hivi, mradi ukafa. Kwa iyo hawa wanaodhani gari la umeme limeanza juzi wakae kwa kutulia.

Mwaka ambao mimi naona ndo uliwatoa ni 1953. Walikwenda kwa Bosch wakaingia mkataba wa kufundishwa. Bosch enzi hizo ndo kila kitu: sumaku ya kutoa cheche aliifunga kwenye chombo cha moto toka 1897, plagi ya umeme mkubwa 1902, pampu ya dizeli kaanza kuizalisha 1927. Nippondenso hawakuona aibu, walikaa darasani. Pampu nyingi za dizeli za Kijapani ambazo mafundi wetu wamezifungua miaka na miaka asili yake ni michoro ya Bosch.

Afu 1961 wakachukua tuzo ya Deming, ile ya ubora inayoogopwa kule Japani. Miaka kumi na mbili tu toka watolewe na deni lao.

Fundi Mzee Mabatini
Kijana umenikumbusha mbali. Sisi tumejifunza kazi kwa hizo pampu, ukiikosea taimingi gari inatoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini zilikuwa zinavumilia. Hizi za sasa za kompyuta dizeli ikiwa na maji kidogo tu injekta nne zote, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, chini. Hilo nalo tulieleze au tunasifia tu?

Msukuma wa Spea
Shkamoo mzee wangu. Nalieleza sasa hivi maana ndo hapo mwanafunzi alipompita mwalimu.

Pampu ile ya zamani inasukuma mafuta kwa kila injekta kwa zamu yake, na nguvu ya msukumo inategemea injini inazunguka vipi. Ukiwa kwenye mlima na gia kubwa, injini inazunguka taratibu, mafuta yanaingia kwa presha ndogo, matone makubwa, hayaungui yote, ndo ule moshi mweusi. Komoni reli wazo lake ni hili: pampu kazi yake iwe moja tu, kujaza bomba moja kwa presha kubwa muda wote, injekta zote zinywe humo, na kompyuta ndo iamue ipi ifunguke lini na kwa muda gani. Presha haitegemei tena mzunguko wa injini.

Wazo lenyewe sio lao, kuna Mswisi Robert Huber alilifanyia kazi toka miaka ya 60. Ila wa kwanza kulifunga kwenye lori la kuuza dukani ni Denso, mwaka 1995, Hino Rising Ranger. Wahandisi wanaotajwa ni Shohei Itoh na Masahiko Miyaki. Bosch walinunua teknolojia ya Fiat wakatoka na ya gari dogo 1997 kwenye Alfa Romeo 156. Kwa iyo kwenye lori mwanafunzi alitangulia miaka miwili.

Sasa presha yenyewe. Tairi la IST yako unajaza bar 2 na pointi. Mfumo wa kwanza wa Denso ulikuwa unafika bar 1,200 hivi. Mwaka 2013 wakatangaza wa bar 2,500. Mafuta kwa presha hiyo yanapita kwenye matundu ambayo jicho halioni vizuri, na vyuma vya ndani vimeachiana nafasi ya maikroni chache. Mzee hapo ndo jibu lako: dizeli ya kwenye madumu, imekaa juani, ina maji chini na vumbi, ukiipitisha humo umesaga chuma kwa chuma. Kosa sio la injekta.

Dereva wa Dagaa
Mkuu mimi nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Dar, nina lori la HOWO. Hiyo ni mchina, Denso inahusikaje?

Msukuma wa Spea
😂😂 Fungua kava la injini ukaangalie injekta. HOWO nyingi zenye injini za WD615 za komoni reli zimefungwa pampu na injekta za Denso. Ndo maana fundi wako akikwambia "hii ni mchina tumfungie tu mchina mwenzie" kuwa makini. Wenyewe Sinotruk wanaotengeneza HOWO waliponunua vifaa vya Denso hawakuwa na hela za kuchezea.

Dereva wa Dagaa
Duh. Kumbe ndo maana bei ya injekta ilinitoa jasho. Wabeja sana

Msukuma wa Spea
Karibu sana. Chuja dizeli, mwaga maji kwenye filta kila baada ya safari, usisubiri taa iwake.

Haya, sasa inakuja sehemu ninayoipenda mimi, na hii wengi hawajui. Ile QR unayoskani dukani ukilipa kwa simu, ile miraba miraba nyeusi, imetoka kwa hawa hawa wauza plagi. Sio kampuni ya simu, sio kampuni ya kompyuta.

Ilikuwa hivi. Kiwandani Denso walikuwa wanatumia bakodi, ile mistari mistari, kufuatilia maboksi ya spea yanayokwenda Toyota. Bakodi moja inabeba herufi kama 20 tu. Spea zikawa nyingi, maelezo mengi, ikabidi boksi moja libandikwe bakodi hata kumi, na mfanyakazi azipige zote moja moja. Kuna watu walikuwa wanaskani mpaka 1,000 kwa siku. Na mikono ina oili, oili ikigusa bakodi mashine haisomi tena. Watu wakachoka wakalalamika.

Malalamiko yakafika kwa Masahiro Hara, mhandisi aliyekuwa anatengeneza zile mashine za kusomea bakodi. Akaanza kazi 1992, timu yenyewe watu wawili. Jamaa alikuwa anacheza go muda wa chakula cha mchana, ule mchezo unaochezwa sana Japani wa kete nyeusi na nyeupe kwenye ubao wa miraba, akiangalia ubao akaona kumbe unaweza kuandika habari kwenda juu na kwenda pembeni, sio upande mmoja kama mistari. Hapo akapata pa kuanzia.

Shida ikawa mashine itajuaje kwamba hii ndo QR yenyewe na sio maandishi mengine ya kwenye boksi? Wakaamua waweke ile miraba mitatu ya kwenye kona. Lakini mraba wenye umbo gani ambao hautofanana na kitu kingine? Wakakusanya magazeti, vipeperushi, maboksi ya makaratasi, wakapima uwiano wa weusi na weupe kwenye kila walichokuta, wakitafuta uwiano ambao haupo popote. Wakaupata: 1:1:3:1:1. Chukua simu yako fungua QR yoyote, piga mstari kichwani upite katikati ya mraba wa kona: mweusi moja, mweupe moja, mweusi tatu, mweupe moja, mweusi moja. Hata ukiipita kimshazari uwiano ni ule ule, ndo maana inasomeka hata ukiishika simu kichwa chini.

Ikatoka 1994. Inabeba tarakimu mpaka 7,089. Na kwa sababu ilizaliwa kwenye oili waliitengeneza isomeke hata ikichafuka au ikichanika mpaka asilimia 30, ukichagua kiwango cha juu cha usahihishaji. Hati miliki wanayo ila walisema kila mtu atumie bure. 2014 Hara na wenzake wakapewa tuzo ya wavumbuzi ya Ulaya, ile inayopigiwa kura na watu.

dogo_wa_Igoma
Acha chai mkuu. QR ya kulipia chipsi imetoka kwa wauza plagi??

Kamanga Feri
Dogo sio chai, iko hivyo. Kile kitengo cha QR walikitenga mwaka 2001 kikawa Denso Wave, ndo wanaoisimamia QR mpaka leo.

Ila Msukuma umewapaka asali sana hawa jamaa ngoja nitie chumvi. 2012 Denso walikiri kosa Marekani kwamba walikuwa wanapanga bei kwa siri na wenzao, wakapigwa faini dola milioni 78. Halafu 2020 pampu zao za petroli za ndani ya tenki zikagoma, lile feni dogo la ndani la plastiki likawa linanyonya mafuta linavimba linakwama, gari inazimika barabarani. Toyota wenyewe waliyaita magari zaidi ya milioni 5 dunia nzima. Kwa iyo "Denso OG" nayo sio msahafu.

Msukuma wa Spea
Kamanga nakubali yote mawili, na hilo la pampu limetugusa sisi waagizaji wa magari yaliyotumika kuliko hata hao wa Ulaya, maana mtu anaagiza gari la 2018 au 2019 hajui kama iliwahi kuitwa ikabadilishwa au la. Kabla hujalipa ingiza namba ya chesesi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani uone. Watu wanaangalia rangi na kilomita tu.

Ila kwenye la bei za siri niseme ukweli sijawaona malaika kwenye biashara ya spea. Yazaki, Mjapani mwingine wa nyaya za magari, alikuwemo kesi ile ile siku ile ile, faini yake milioni 470.

Bi Nyegezi
Jamani turudi kwenye plagi. Mimi nina IST, nitajuaje OG na feki? Maana nimewahi kuuziwa dukani kwa mtu mwingine, wiki mbili gari inatetemeka kama ina homa.

Msukuma wa Spea
Pole dada. Tuanze na kusoma namba yenyewe, hata ukimtuma kijana asikuletee ovyo. IST ya injini 1NZ inakula K16R-U11. K ndo saizi ya mwili, tredi ya milimita 14 na spana ya 16. Hiyo 16 ya katikati ni ubaridi wa plagi, yaani inavyotoa joto, namba ikipanda inakuwa ya baridi zaidi. Ukifungiwa 20 kwenye gari la mizunguko ya mjini, Buzuruga mpaka Kirumba na foleni, haipati joto la kujisafisha, inajaa masizi. R maana yake ndani kuna rezista, isipokuwepo redio inakoroma na kompyuta inachanganyikiwa. U ni ule mfereji wa umbo la U waliouchimba kwenye mguu wa juu, huo ni ubunifu wao wa miaka ya 70, unaipa cheche nafasi ya kukua. 11 ni gepu, ile nafasi inayoruka cheche, milimita 1.1.

Ukitaka inayokaa muda mrefu kuna za iridiamu. Denso 1997 walitoa yenye ncha ya milimita 0.4. Ncha nyembamba inahitaji umeme mdogo kuruka cheche na haiuzimi moto unapoanza, ila nikeli ya plagi za kawaida ukiifanya nyembamba hivyo inaisha mara moja. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400 ndo maana inahimili. Na hapa ndo feki wengi wanakamatwa: angalia ncha kwa karibu, tumia hata kamera ya simu ukuze. OG utaona kasindano kembamba na mshono wa leza umezunguka vizuri pande zote. Feki utakuta kanjiti kanene kamechongwa tu, mara nyingine kameegemea upande, na ukikikwaruza kwa kucha rangi inatoka.

Usidanganyike na QR ya kwenye boksi. Nimesema hapo juu mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, na mwenye printa ya kutengeneza boksi feki hawezi kushindwa kuweka QR, tena ukiiskani inaweza kukupeleka kwenye tovuti halali ya Denso kabisa.

Fundi Mzee Mabatini
Ongezea na testa. Weka kwenye omu, waya mmoja kwenye kichwa cha plagi pale koili inapokaa, mwingine kwenye ncha ya kati huku chini. Yenye R lazima isome kilo-omu kama 5, iwe 3 au 7 sawa. Ikisoma sifuri hakuna rezista, wamekuwekea waya mtupu. Ikikataa kabisa kusoma imekatika ndani. Mimi kijana akija na plagi zake mkononi nazipima mbele yake kabla sijashika spana, tusije tukagombana baadae.

Bi Nyegezi
Asante baba. Testa ya elfu kumi na kitu inatosha au mpaka ile kubwa?

Fundi Mzee Mabatini
Inatosha mwanangu. Kwanza gusanisha waya zake zenyewe uone inasoma sifuri, ndo upime plagi. Na zote nne zipimwe, wanachanganya feki moja na OG tatu kwenye pakiti.

dogo_wa_Igoma
Msukuma na za bodaboda ni hivyo hivyo? Nina Boxer

Msukuma wa Spea
Kupima ni hivyo hivyo, namba ndo tofauti. Leta plagi ya zamani usiitupe, tusome namba yake tukupe ileile. Ijumaa mchana nafunga saa sita na nusu mpaka saa nane, usije muda huo.